Hasira ya Jana, Shauri la Leo

Wahenga walinena kwamba hasira ni hasara. Methali hiyo aghalabu hutajwa nyumbani, pale mzazi anapoinua fimbo kabla ya kuuliza, au ndugu wawili wanapotengana kwa ajili ya kipande cha shamba. Lakini hasira haikai jikoni na uani peke yake. Huingia pia katika mabaraza makubwa, ikaketi kati ya viongozi na raia, ikanyosha mkono wakati wa kupiga kura. Na inapopata msemaji hodari wa kuipamba, huweza kuangamiza mji mzima kabla jua halijatua mara mbili.

Jambo hilo lilikaribia mno kutukia mwaka 427 K.K. huko Ugiriki. Baraza la mji wa Athens liliamua kuwaua wanaume wote wa mji mwingine, kisha siku iliyofuata likaketi tena na kujiuliza kama uamuzi ule ulikuwa wa haki au wa faida. Watu wawili walisimama kusema. Hoja zao zilihifadhiwa na Thucydides, mwana historia wa zama zile, na tangu hapo kila anayetaka kufahamu jinsi watu wanavyoshawishiana katika mambo ya nchi hana budi kuyapitia mashauri ya siku ile.

MJI ULIOONGOZWA KWA MANENO

Athens ya wakati huo haikuwa na mfalme. Mambo makubwa ya vita na amani, ya kodi na mapatano, yaliamuliwa na baraza la raia lililokutana juu ya kilima kiitwacho Pnyx. Mpiga mbiu alisimama akauliza ni nani anayetaka kusema, na raia yeyote aliweza kupanda jukwaani, awe fundi, mkulima au tajiri. Wasemaji walipomaliza, watu walinyosha mikono, na upande wenye mikono mingi ndio ulioshinda.

Yafaa msomaji akumbuke kwamba neno raia halikuwa pana. Wanawake hawakuhesabiwa katika baraza hilo; watumwa, ambao walikuwa wengi, hawakuhesabiwa; wageni waliofanya kazi na biashara mjini, hata wakiwa wameishi humo maisha yao yote, nao hawakuhesabiwa. Hata hivyo, miongoni mwa wale walioruhusiwa kuketi, neno lilikuwa na nguvu kuliko ukoo na mali. Mtu aliyejua kusema aliweza kuipeleka merikebu vitani au kuirudisha.

Kwa sababu hiyo ujuzi wa kusema ukawa kitu cha kutafutwa na kulipiwa. Walitokea walimu waliotembea mji hadi mji wakiwafundisha vijana namna ya kupanga hoja, kuanza na kumaliza, kumjibu mpinzani na kuwavuta wasikilizaji. Mmojawapo wa walimu mashuhuri, Gorgias wa mji wa Leontini katika kisiwa cha Sicily, alifika Athens katika mwaka huo huo wa 427 K.K. akiwa mjumbe wa kuuombea mji wake msaada, na usemi wake uliwastaajabisha wenyeji. Basi swali la siku zile lilikuwa hili: je, mji unaoongozwa kwa maneno utajikinga vipi na maneno matamu?

UASI WA MYTILENE

Wakati huo Athens ilikuwa vitani na Sparta, vita vilivyoanza mwaka 431 K.K. Mwaka uliofuata maradhi mabaya yaliuingia mji uliojaa wakimbizi wa mashambani, yakaua watu bila hesabu. Mwaka 429 K.K. alifariki Pericles, kiongozi aliyekuwa ameishika hatamu kwa miaka mingi. Mashamba nje ya kuta yaliharibiwa na adui. Watu walikuwa na msiba, na hofu, na uchovu.

Katika hali hiyo, mwaka 428 K.K., ilifika habari kwamba Mytilene umeasi. Mytilene ni mji wa kisiwa cha Lesbos, karibu na pwani ya Asia Ndogo. Haukuwa mji wa kudharauliwa. Miji mingi iliyokuwa chini ya Athens ilitozwa kodi na kunyang'anywa merikebu zake, lakini Mytilene uliachiwa merikebu zake wenyewe, wala haukulipa kodi. Kwa hiyo watu wa Athens walipousikia uasi huo waliuhesabu kuwa ni usaliti wa rafiki, na jeraha la rafiki huuma kuliko la adui.

Athens iliuzingira mji huo kwa merikebu baharini na kwa ukuta nchi kavu, chini ya jemadari aitwaye Paches. Wakuu wa Mytilene, matajiri wachache waliouongoza mji, walikuwa wakitarajia merikebu za Sparta. Mjumbe wa Sparta aitwaye Salaethus alipenya mjini kwa siri akawaahidi kuwa msaada u njiani. Lakini merikebu zile zilijivuta. Siku zikapita, na chakula kikapungua ghalani.

Hapo Salaethus alifanya jambo lililogeuza mambo yote. Aliwapa watu wa kawaida silaha nzito, ambazo hawakuwa nazo hapo awali, ili watoke wapigane. Watu wale walipozishika silaha hawakutoka kupigana. Waliwageukia wakubwa wao, wakawataka wautoe hadharani unga na nafaka iliyofichwa, igawiwe kwa wote, la sivyo wao wenyewe watapatana na Athens na kuutoa mji. Wakuu walipoona hivyo waliharakisha kujisalimisha kwa Paches, kwa sharti kwamba Athens itaamua hatima yao na kwamba hakuna atakayeuawa kabla ya uamuzi huo. Msomaji na alishike jambo hili la watu wa kawaida na ghala la nafaka, maana litarudi.

SIKU YA KWANZA

Paches alimpeleka Athens Salaethus pamoja na wale aliowaona kuwa wakosaji wakubwa. Salaethus aliuawa mara moja. Kisha baraza likaketi kuujadili mji wenyewe, na katika ghadhabu likakata shauri: wanaume wote wazima wa Mytilene wauawe, si wale tu waliokwisha letwa, na wanawake na watoto wauzwe utumwani. Merikebu iliagizwa siku hiyo hiyo kumpelekea Paches amri ya kutekeleza bila kuchelewa.

Usiku ukaingia, watu wakaenda kulala. Kulipokucha, mioyo haikuwa ile ya jana. Wengi walianza kuuona uamuzi wao kuwa ni wa kikatili na mzito, wa kuuangamiza mji mzima badala ya wenye hatia. Wajumbe wa Mytilene waliokuwapo Athens waliliona badiliko hilo katika nyuso za watu, nao pamoja na wenyeji waliowaunga mkono wakawasihi wenye madaraka waliitishe baraza tena. Wenye madaraka wakakubali kwa wepesi, kwa kuwa wao nao walikuwa wametambua kwamba raia wengi walitaka kupewa nafasi ya kufikiri upya.

CLEON ASIMAMA

Wa kusimama alikuwa Cleon, ambaye ndiye aliyelishinikiza baraza siku iliyotangulia. Huyu alikuwa mtu wa jamii iliyotajirika kwa kazi ya ngozi, msemaji mwenye sauti kubwa, na wakati huo aliaminiwa na watu kuliko msemaji mwingine yeyote. Thucydides hakumpenda, wala hakuificha chuki yake. Lakini hoja alizompa si za mjinga.

Cleon alianza kwa kuwakaripia wasikilizaji wenyewe. Aliwaambia kwamba serikali ya watu wengi haiwezi kutawala wengine ikiwa kila siku inageuka. Aliwakumbusha kuwa utawala wao juu ya miji mingine ni wa mabavu, na kwamba wale wanaotawaliwa hawatii kwa mapenzi bali kwa kuogopa nguvu. Akasema kuwa mji wenye sheria mbovu zisizobadilika una nguvu kuliko mji wenye sheria nzuri zisizo na uzito, na kwamba watu wa kawaida wasiojidai werevu huendesha nchi vizuri zaidi kuliko wajuzi wanaotaka kuonekana wana akili kuliko sheria.

Kisha akaja kwenye shutuma kali kuliko zote. Aliwalaumu raia kwamba wamekuwa watazamaji wa hotuba, kana kwamba wamekwenda kwenye mashindano ya ngoma. Wanayapima matendo yajayo kwa uzuri wa maneno, na hata matendo yaliyokwisha kutendeka hawayaamini macho yao, bali huamini masikio. Anayetaka kuutetea mji wa Mytilene, alisema, ama anaringia ufasaha wake, ama amehongwa. Mwisho akawaonya wajihadhari na mambo matatu yanayoua utawala: huruma, utamu wa maneno, na upole. Wawarudishie waasi yale ambayo waasi wangewatendea wao, ili iwe kielelezo kwa wengine.

Msomaji mwangalifu ataiona hila iliyomo. Cleon aliulaumu usemi mtamu kwa usemi uliopangwa vizuri mno. Aliwaambia watu wasivutwe na maneno, huku akiwavuta kwa maneno. Na zaidi ya hayo, kabla mpinzani wake hajafungua kinywa, alikwisha mpaka matope ya rushwa, ili lolote atakalosema linuke. Hii ni silaha ya zamani, wala haijapata kutu hata leo.

DIODOTUS AJIBU

Aliyejibu ni Diodotus mwana wa Eucrates. Katika kitabu chote cha Thucydides jina lake linaonekana hapa tu. Alitoka gizani, akasema siku moja, akarudi gizani. Hata siku ya kwanza alikuwa amepinga mauaji, lakini hakusikilizwa.

Diodotus hakuanza na Mytilene. Alianza na baraza lenyewe. Alisema kwamba hakuna ubaya kulirudia shauri kubwa, na kwamba maadui wawili wa shauri jema ni haraka na hasira. Anayedai kuwa maneno hayawezi kuwa mwalimu wa matendo, ama hana akili, ama ana jambo lake analolificha. Maana mambo yajayo hayaonekani kwa macho, na hakuna njia nyingine ya kuyachungua isipokuwa kuyazungumza.

Kuhusu shutuma ya rushwa, alionyesha madhara yake. Msemaji akiitwa mjinga na kushindwa, atakwenda zake akihesabiwa kuwa hana akili tu. Lakini akitiliwa shaka ya kuhongwa, basi hata akishinda atashukiwa, na akishindwa atahesabiwa kuwa mjinga na mwovu pia. Matokeo yake ni kuwa watu wema huogopa kusema, na mji hupoteza washauri. Raia mwema, alisema, asiwatishe wapinzani wake, bali awashinde kwa hoja iliyo bora, hali wote wana nafasi sawa.

Baada ya hapo ndipo alipofika kwenye shauri lenyewe, na hapa wengi hushangaa. Diodotus hakuomba huruma. Hakuzungumzia vilio vya watoto wala machozi ya akina mama. Alisema kuwa hapo si mahakamani ambapo watu hupima nani ana haki na nani ana kosa. Hapo ni baraza, nalo hupima litakalofaa kesho. Hata Mytilene ukiwa na hatia kubwa kiasi gani, hatamwambia mtu auangamize ikiwa hakuna faida. Na hata ukistahili msamaha, hatamwambia mtu asamehe ikiwa si kwa manufaa ya nchi.

Kisha akazipanga faida na hasara moja baada ya moja. Adhabu ya kifo, alisema, imewekwa kwa makosa mengi, lakini watu bado wanakosa, kwa sababu tamaa hutangulia na tumaini hufuata, na mtu hujiona kuwa yeye atanusurika. Ikiwa mji unaojuta na kujisalimisha mapema utapata kifo sawa na mji unaopigana hadi mwisho, basi ni mji gani utakaojisalimisha? Kila mmoja utakaza hadi tofali la mwisho. Athens itatumia fedha nyingi kuuzingira, na itakapouteka itakuta magofu yasiyoweza kulipa kodi.

Hapo ndipo alipolirudia lile jambo la ghala. Katika miji yote, alisema, watu wa kawaida wana mwelekeo mwema kwa Athens; wanaoasi ni wakubwa wachache. Watu wa Mytilene walipopata silaha tu, waliutoa mji kwa hiari yao. Kuwaua hao ni kuwaua waliokutendea mema. Na wakubwa wa miji mingine watafurahi, maana siku wakiasi watawaambia raia wao: tazameni, Athens haibagui mwenye hatia na asiye na hatia, basi pambaneni pamoja nasi. Hata kama wangekuwa na makosa, akamaliza, ingekuwa busara kujifanya kutoyaona.

MERIKEBU MBILI

Kura zilipigwa kwa kunyosha mikono. Zilikaribiana sana, lakini shauri la Diodotus lilishinda.

Ushindi huo wa mikono haukuwa bado wokovu. Merikebu ya kwanza ilikwisha tangulia kwa muda wa mchana na usiku, na kutoka Athens hadi Mytilene ni safari ya bahari ya zaidi ya kilomita 300. Merikebu ya pili ilitwekwa haraka. Wajumbe wa Mytilene waliwapa mabaharia divai na unga wa shayiri, wakawaahidi zawadi kubwa wakiwahi. Wapiga makasia hawakutia nanga ili wale. Walikula wakiwa katika makasia, unga wa shayiri uliokandwa kwa divai na mafuta, na usiku walilala kwa zamu, wengine wakivuta na wengine wakipumzika. Kwa bahati njema upepo haukuwapinga. Nayo merikebu ya kwanza haikuwa na pupa, kwa kuwa ilibeba amri ambayo hakuna aliyependa kuifikisha.

Hata hivyo ilitangulia kufika. Paches alikuwa amekwisha isoma amri na alikuwa karibu kuitekeleza pale merikebu ya pili ilipotia nanga ikazuia mauaji. Mji uliponea chupuchupu.

Lakini haifai kuisimulia habari hii kana kwamba iliisha kwa furaha tupu. Wale waliokuwa wamepelekwa Athens kama wakosaji wakuu waliuawa kwa pendekezo la Cleon, na Thucydides anataja kuwa walizidi kidogo 1,000. Kuta za Mytilene zilibomolewa, na merikebu zake zikachukuliwa. Ardhi iligawanywa mafungu 3,000. Mafungu 300 yakawekwa wakfu kwa miungu, na yaliyosalia yakapewa raia wa Athens. Wenyeji waliendelea kuyalima mashamba yao ya zamani huku wakiwalipa wageni ijara kila mwaka. Huo ndio uliokuwa wema wa dola: uliacha uhai, ukatwaa ardhi.

MPISHI NA TABIBU

Wanafalsafa waliofuata hawakuacha kulitafakari suala la usemi. Plato, aliyekiona kizazi hicho cha vita akiwa mtoto na kijana, aliandika mazungumzo yenye jina la yule mwalimu Gorgias. Ndani yake Socrates analinganisha ufundi wa kushawishi na upishi wa kuburudisha ulimi, na uongozi wa kweli na utabibu. Mpishi wa namna hiyo huuliza kinachopendeza, tabibu huuliza kinachoponya. Mbele ya baraza la watoto, mpishi akimshitaki tabibu kwamba huwanywesha dawa chungu na kuwanyima vyakula vitamu, tabibu hatapata nafasi ya kujitetea. Kila mama aliyepata kumnywesha mwanawe mwarobaini anajua kesi hiyo ilivyo ngumu.

Aristotle, aliyezaliwa mwaka 384 K.K., hakukata tamaa kiasi hicho. Alisema kwamba ufundi huu huweza kutumiwa vizuri au vibaya, kama vile nguvu na afya na mali, basi heri mtu mwema aujue kuliko kumwachia mwovu peke yake. Aliugawa usemi katika mafungu matatu. Usemi wa mahakamani hutazama yaliyopita, ukauliza nini kilikuwa haki. Usemi wa sherehe hutazama yaliyopo, ukasifu au kulaumu. Usemi wa baraza hutazama yajayo, ukauliza nini kitafaa na nini kitadhuru. Na kinachowashawishi watu, alisema, ni vitu vitatu: tabia ya msemaji kama inavyoonekana katika maneno yake, hali ya moyo anayowatia wasikilizaji, na hoja zenyewe.

Mgawanyo huo waweza kutumika kuipima siku ile ya Mytilene. Cleon alililetea baraza usemi wa mahakamani: nani amekosa, naye alipe. Diodotus aliurudisha usemi mahali pake: nini kitatokea kesho tukitenda hivi? Kuna uchungu ndani ya jambo hili. Yawezekana kabisa kwamba Diodotus alikuwa na huruma moyoni, lakini baada ya Cleon kuiita huruma udhaifu, alijua kuwa akiitaja atashindwa. Akaivika huruma vazi la faida ili ipite mlangoni. Alitamka mwenyewe kwamba katika mji wenye shuku nyingi, hata mshauri mwema hulazimika kudanganya ili aaminiwe. Baraza linalowadhania watu wote kuwa wezi huwafundisha hata waaminifu kuingia kwa mlango wa nyuma.

Na hoja ya faida peke yake ni nguzo nyembamba. Mwaka 416 K.K. Athens hiyo hiyo iliuteka mji mdogo wa kisiwa cha Melos, ambao haukutaka kuwa chini yake. Safari hiyo hakukutokea merikebu ya pili. Wanaume waliokamatwa waliuawa, wanawake na watoto wakauzwa. Miaka ilipita, vita vikaigeukia Athens yenyewe. Xenophon anasimulia kwamba usiku ule habari za kuangamia kwa merikebu zao zilipofika mjini, hakuna aliyelala. Watu waliwalilia waliokufa, na zaidi walijililia wenyewe, wakiogopa kutendwa yale waliyowatendea watu wa Melos na wengineo. Mwaka 404 K.K. walijisalimisha. Baadhi ya maadui zao walitaka mji uangamizwe kabisa, nao ukanusurika kwa sababu Sparta ilikataa. Hivyo uhai wa Athens nao ulikuja kutegemea watu wengine walioketi wakashauriana.

KATIKA NYUMBA

Haya yote yana maana gani kwa watu wasiokuwa na dola wala merikebu? Yana maana kubwa, kwani kila nyumba ni baraza dogo. Katika nyumba huamuliwa mtoto gani aendelee na masomo, shamba liuzwe au lisiuzwe, binti aliyeteleza afukuzwe au apokewe, ndugu aliyekula fedha za ukoo ashitakiwe au apewe muda wa kurudisha. Na katika kila kikao cha namna hiyo yumo Cleon mmoja, mwenye sauti kubwa, anayesema kwamba neno likitamkwa limetamkwa, na kwamba kurudi nyuma ni kuonyesha udhaifu mbele ya watoto na majirani.

Huyo hastahili kudharauliwa, kwa kuwa amri zinazogeuka kila asubuhi huivunja nyumba kweli. Lakini kuna tofauti kati ya kigeugeu na mtu anayepima upya. Kigeugeu hubadili neno kwa sababu ya aliyemkuta mwisho. Anayepima upya hubadili neno kwa sababu ameiona hoja ambayo jana ghadhabu ilimficha. Mzee wa nyumba anayesema mbele ya wanawe kwamba shauri la jana halikuwa sawa hapotezi heshima yake. Anawaonyesha namna heshima inavyotunzwa.

Kwa hiyo familia inapoketi kwa jambo zito, yafaa mambo machache yazingatiwe. Pasiwe na uamuzi usiorudika siku ile ile ya machungu. Usiku mmoja na upite. Anayepinga asiulizwe amepewa nini na nani; aulizwe sababu zake. Wanaosema wasikomee kwenye nani amekosa, bali wafike hadi kwenye swali la kesho: tukimfukuza, atakwenda wapi, nasi tutakuwa watu wa namna gani? Na wale wasiopewa nafasi ya kusema, kwa kuwa ni wanawake, au ni wadogo, au ni maskini wa ukoo, nao wasikilizwe. Kule Mytilene waliouokoa mji walikuwa wale walioulizia nafaka.

Mwisho, huruma isifanywe kitu cha aibu hata ikalazimika kujificha nyuma ya hesabu ya faida. Nyumba ambayo mtu anaweza kusema waziwazi kwamba anamhurumia mkosaji, na bado akasikilizwa kama mtu mwenye akili, ni nyumba iliyopiga hatua ambayo Athens, pamoja na sifa zake zote, haikuifikia siku ile.

Maji yakimwagika hayazoleki. Katika mwaka ule wa 427 K.K. chombo kilikuwa kimekwisha inamishwa. Kilishikwa na watu waliokubali kuketi tena, na na wapiga makasia wasiojulikana majina, waliokula unga uliokandwa mkononi bila kuliacha kasia.